Belo limetoka na buti za ski jozi tatu. Mpwa wangu anarukia vyuma Oslo, nimtumie ipi?

#1 Belo_Ngamiani
Wagosi, habari za jioni.

Juzi nimefungua belo la viatu mchanganyiko hapa Ngamiani. Juu raba, katikati raba, chini kabisa nikakuta madude ya plastiki jozi tatu, kila mguu mzito kama pasi ya mkaa, bizimu za chuma nne nne. Majirani wakasema ni viatu vya wanaanga. Binti wa kibanda cha pili akapiga picha, akatafuta kwenye simu: buti za ski.

Sasa nina mpwa wangu, mtoto wa dada, anasoma Oslo. Msimu uliopita kaanza kuteleza kwenye theluji kwa ski, zile mbao ndefu za miguuni, na si kushuka mlima tu. Anaingia kwenye paki, kule kwenye vilima vya kurukia na vyuma vya kupitia juu yake. Analalamika miguu inamuua: ugoko unavimba, ukucha wa dole gumba umekuwa mweusi. Buti mpya kule anasema bei yake ni kodi ya chumba. Nikaona hii riziki yake, nimtumie.

Anavaa 42. Jozi moja imeandikwa 26.5, nyingine 27.5, ya tatu maandishi yamefutika, imebaki 110 ubavuni. Msimamo wangu: kiatu ni kiatu, ukipata namba yako, mengine mbwembwe. Nipingeni kwa hoja.

#2 Kimanumanu
Nimeshavuta kiti. Mtu wa Ngamiani anauliza habari za theluji, na mimi hapa saa mbili asubuhi shati lilishaganda mgongoni.

#3 Mbaharia_Deira
Mkuu #1, kwa msimamo huo utamvunja mtoto wa watu goti.

Nimekaa Dubai miaka minne, kwenye ule ukumbi wa theluji wa Mall of the Emirates, uliofunguliwa 2005. Nje nyuzi 40 na kitu, ndani chini ya sifuri kidogo. Kazi yangu ilikuwa dirishani, kugawa buti. Kila siku watu wanakuja, "nipe 43". Hakuna 43. Namba zile ni urefu wa unyayo kwa sentimita: 26.5 maana yake unyayo wa sentimita 26 na nusu. Mwambie mpwa asimame peku, kisigino kiguse ukuta, aweke kitabu mbele ya kidole kirefu, apime. Miguu yote miwili, maana haifanani.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui. Gamba la nje hutengenezwa kwa namba nzima. Kwa kawaida 26 na 26.5 ni gamba moja, tofauti iko kwenye vitu vya ndani. Kwa hiyo ukimwambia "chukua nusu namba zaidi" wakati mwingine hujamwongezea kitu.

Kipimo cha ukweli ni hiki: chomoa kiatu laini cha ndani, ingiza mguu mtupu kwenye gamba, sogea mpaka vidole viguse mbele, kisha tazama nyuma ya kisigino. Nafasi iwe sentimita moja na nusu hivi, kama vidole viwili vya mkono vilivyobanana. Wanaotaka kubanwa zaidi huenda hadi sentimita moja. Ikizidi mbili, hilo ni jahazi, si kiatu.

Na usiogope vidole kugusa mbele. Nilikuwa na mteja karudisha buti mara tatu, "vidole vinagusa, niongeze". Mara ya tatu nikamwambia funga bizimu, kunja magoti, sukuma ugoko mbele. Vidole vikarudi nyuma vyenyewe. Akacheka, akabaki na ile ya kwanza.

#4 Belo_Ngamiani
Shukrani. Kwa hiyo 110 ndiyo uzito wa mvaaji?

#5 Kimanumanu
Ndiyo. Kilo 110, mpwa baada ya kula ubwabwa wa shangazi.

#6 Mwana_Raskazone
Hapana, kaka. 110 ni ugumu wa buti ukiikunja kwenda mbele. Ziko za 60 na 70 za watoto na wanaoanza, mpaka 130 za wanaokimbia kwa kasi. Wa paki wengi utawakuta kati ya 80 na 110, ili wakitua buti ikunjike na miguu ipokee kishindo. Ila usiiamini namba hiyo kama kilo za mizani, hakuna kipimo kimoja cha viwanda vyote. 100 ya huyu inaweza kuwa laini kuliko 90 ya yule.

Na kwa ninyi mlio Tanga: msiikunje hiyo buti hapo kibandani mkasema "laini hii". Plastiki yake inalegea kwa joto na inakaza kwa baridi. Kitu kinachokunjika vizuri Ngamiani, kwenye theluji kitakuwa gogo.

Mimi naishi Ujerumani, karibu na Eckernförde, mji ndugu wa Tanga tangu 1963. Nao uko pwani, mlima hakuna. Kuteleza nimejifunzia Austria kwa safari za basi, na buti yangu ya kwanza nilinunua kwa rangi. Nilijuta siku mbili nzima.

#7 Fundi_Kalibu
Mimi fundi viatu Makorora, naomba niingie taratibu. Kiatu cha ngozi kikibana naweka kalibu ya mbao, maji kidogo, usiku mmoja, asubuhi kimetanuka. Hiki cha plastiki mnasema namba ni urefu tu. Upana je? Miguu ya watu wetu tuliokua peku ni mipana mbele na kisigino chembamba. Mzungu kaitengeneza kwa mguu wake. Hapo ndipo ukucha unapokufa.

#8 Mbaharia_Deira
Fundi umegonga ndipo. Upana upo, tena kwa milimita. Angalieni kama imeandikwa 98, 100 au 102. 98 ni nyembamba, 100 ya kati, 102 kwenda juu ni pana. Hupimwa kwenye buti ya 26.5, na gamba likikua upana nao unakua. Kosa lililojaa duniani ni hili: mwenye mguu mpana akibanwa pembeni, anachukua buti ndefu zaidi ili apate upana. Amepata upana, amepoteza kisigino. Kisigino kinapanda na kushuka ndani.

Na gamba hutanuliwa, fundi. Wanalipasha moto mahali palipobana, wanasukuma kwa chuma kutoka ndani, wanaliacha lipoe. Wengine wanakwangua plastiki kwa ndani. Ndiyo kalibu yako hiyo hiyo, ila ya moto.

#9 Fundi_Kalibu
Moto wa jiko la mkaa unafaa?

#10 Mbaharia_Deira
Fundi!!!

#11 Mzee_Mkonge
Mnahangaika bure na milimita. Yule Mkenya Philip Boit alikwenda Nagano 1998 bila kuzaliwa kwenye theluji. Alikuwa mwanariadha wa mbio, wakamvalisha viatu, akamaliza kilomita 10. Mshindi Bjørn Dæhlie akamsubiri mwisho wa njia amkumbatie. Moyo ndio kiatu.

#12 Mwana_Raskazone
Shikamoo mzee. Habari ya Boit ni ya kweli na inapendeza, lakini ile ilikuwa ski ya masafa. Viatu vyake ni vyepesi kama raba, kisigino kiko huru kunyanyuka. Hapa tunazungumzia buti iliyofungwa mbele na nyuma, mtu anaruka na kutua. Ni kama kulinganisha baiskeli ya Phoenix na pikipiki, magurudumu mawili yote.

#13 Mzee_Mkonge
Marahaba mwanangu. Phoenix yangu ya mwaka 1984 bado natembelea. Pikipiki yako iko wapi?

#14 Kimanumanu
Mzee 1, Ulaya 0. Mpira unaendelea.

#15 Bi_Zahanati
Nizungumzie ukucha. Ukucha mweusi ni damu iliyovilia chini yake. Watu wanadhani lazima kiatu ni kifupi. Mara nyingi ni kinyume: kiatu kikubwa, mguu unasafiri ndani, kila ukitua dole linagonga ukuta wa mbele. Nawaona wachezaji wetu wa mpira wanaoazima njumu za kaka zao, tatizo hilo hilo. Lakini kiatu kifupi nacho hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo kwa kutazama ukucha peke yake hujui ni kipi. Na kucha ndefu pia! Kabla ya kutuma buti, mtumie kikata kucha.

Ugoko unaovimba: mtu kavaa soksi ngapi?

#16 Mpwa_Oslo
Mjomba shikamoo. Mama kanitumia kiungo cha uzi huu, anacheka tangu asubuhi. Umenianika.

Basi niseme mwenyewe. Nimepima sasa hivi ukutani kama alivyosema Mbaharia: kushoto 26.2, kulia 26.6. Buti ninazokodi ni 28.5, kwa sababu siku ya kwanza nilisema "nyumbani navaa 42, raba 43" na aliyenihudumia hakunipima. Soksi navaa mbili, za sufu, moja alinunua mama.

Nateleza Tryvann, hapa hapa Oslo juu. Kilima kidogo nakiruka, kile cha kati nimeanguka mara zote. Kwenye chuma napita sekunde moja, natoka kwa mgongo.

#17 Bi_Zahanati
28.5 kwa mguu wa 26.6! Kesi imefungwa.

#18 Mwana_Raskazone
Haijafungwa, dada. Mdogo wangu #16, soksi moja tu, nyembamba, ndefu ipite buti. Mbili zinajikunja, na ile mikunjo ndiyo inayokuchoma ugoko. Mimi maumivu yangu yaliisha kwa kuvua soksi moja, buti ile ile.

#19 Mbaharia_Deira
Nami nakataa kwamba ni soksi peke yake. Ugoko huumia pale mguu unapopata mwendo kabla ya kufika kwenye ulimi wa buti. Ukitua, ugoko unasafiri ile nafasi kisha unagonga. Gong! Kama mlango usio na komeo. Watu wakiumia wanalegeza bizimu za juu ili "ipumue", wanaongeza nafasi, kesho wanaumia zaidi. Za juu zikazwe zishike, za chini vidoleni ziguse tu. Wengi wanafanya kinyume: wanakaza vidole mpaka ganzi, juu wanaacha wazi kama gauni.

#20 Mpwa_Oslo
Ndivyo nifanyavyo, neno kwa neno. Mmeniwekea kamera?

#21 Paki_ya_Maluti
Natoa salamu kutoka Lesotho, kazi imenileta huku. Kuna Afriski, milima ya Maluti, msimu Juni mpaka Agosti, na paki wanayo. Kwa hiyo wanaocheka kwamba Mwafrika na ski wapi na wapi, mabasi yanajaa kutoka Johannesburg.

Nadhani wote mmesahau mtuo. Kijana anatua amekaa nyuma, mikia ya ski inatangulia. Hapo buti hata iwe ya dhahabu, ugoko utaumia, na hilo ni dogo. Ukikaa nyuma, mgongo wa buti unausukuma ugoko mbele, na kano ya katikati ya goti inakatika. Nimemwona jamaa mmoja, hakuanguka hata. Alitua, akasimama, akasema "nimesikia kitu kimedatuka". Miezi tisa.

Kwa hiyo mimi nasema buti ngumu kidogo, 110 au 120, imshike asirudi nyuma.

#22 Mwana_Raskazone
Hapo tunatofautiana kabisa. Kijana anaanza vyuma, wewe unampa gogo? Kwenye chuma unahitaji kukunja kifundo cha mguu, uchezeshe, uteleze kinyumenyume. Apewe 90. Tena inayosimama wima kidogo, isiyomlaza sana mbele, maana wa paki anatua uso mbele na uso nyuma.

#23 Paki_ya_Maluti
Buti laini ikifika mwisho wa kukunjika inagonga, na kishindo chote kinaenda kisiginoni. Wanaoruka vilima vikubwa wanajua hilo. Vyuma ni jambo moja, vilima ni jambo jingine. Aseme anapenda kipi.

#24 Mpwa_Oslo
Napenda vyuma. Vilima ndivyo visivyonipenda.

#25 Fundi_Kalibu
Swali la kifundi. Kisigino kinagonga nini? Ndani kuna mpira?

#26 Mwana_Raskazone
Chini ya kiatu cha ndani kuna ubao. Buti nyingi ni plastiki tupu, za paki nyingi huweka mpira au povu nene chini ya kisigino, kwa ajili ya kutua mahali tambarare. Mjomba #1, chomoa vya ndani utazame.

Na tazama umbo. Ziko za vipande viwili, gamba linafunikana mbele kama kanga kiunoni. Ziko za vipande vitatu, zenye ulimi wa plastiki peke yake mbele. Hizo za vitatu ndizo wapenzi wa paki wanazisifu, zinakunjika kama springi bila kutanuka pembeni, na kwa baadhi ya aina ulimi unabadilisha, laini au mgumu. Asili yake ni buti ya Flexon ya kampuni ya Raichle, ya Uswisi. Full Tilt wakaifufua 2006 kwa kalibu zile zile, na tangu 2022 zinatoka kwa jina la K2. Dalbello nao wana zao.

#27 Kimanumanu
Kumbe na wazungu wanafufua mitumba.

#28 Belo_Ngamiani
Nimerudi na ripoti ya ukaguzi.

Ya 26.5: vipande viwili, imeandikwa 100 kwa upana, ndani safi, kisigino kina povu jeusi nene. Ya 27.5: soli ina mpira uliopinda mbele, imeandikwa GripWalk. Ya 110 isiyo na namba: ni ile ya vipande vitatu! Nikafurahi, nikasema hii ndiyo ya mtoto. Nikafunga bizimu ya kwanza. Nikafunga ya pili. Ya tatu gamba likapasuka karibu na kifundo, kah!, kipande kikaruka mpaka kwa muuza mihogo. Kakirudisha, anadai fidia ya chachandu.

#29 Kimanumanu
😂😂😂 Kishindo kisichohitaji theluji.

#30 Mwana_Raskazone
Pole kaka. Hiyo ndiyo hatari ya buti za zamani. Gamba mara nyingi ni poliyurethani, aina ya plastiki, na poliyurethani inaliwa polepole na unyevu ukichanganyika na joto. Haionekani kwa macho, siku moja inapasuka. Bora imepasukia mikononi mwako kuliko mguuni angani.

#31 Fundi_Kalibu
Mimi nasema ni chumvi ya bahari. Hata antena za mapaa hapa zinaliwa.

#32 Mbaharia_Deira
Chumvi inakula chuma, fundi. Hii ni jua. Belo limekaa juani bandarini.

#33 Belo_Ngamiani
Belo lina wiki moja mjini. Hilo jua labda la kwao.

#34 Mzee_Mkonge
Ni uzee tu. Nami magoti yanalia hivyo hivyo.

#35 Mbaharia_Deira
Kuhusu ya 27.5 yenye GripWalk: hata ingemkaa isingefaa kienyeji. Soli hiyo ina mpindo, inataka kibanio kinachoikubali, yaani kile kinachoshika buti kwenye ski na kuiachia ukianguka. Vibanio vya zamani vya soli bapa haviiachii mguu inavyopaswa. Na buti yoyote atakayobadili, vibanio virekebishwe upya. Ubavuni mwa kisigino kuna urefu wa soli kwa milimita, 305 mfano. Fundi wa ski anauchukua huo, uzito, urefu, umri na uwezo wake, anapanga kibanio kiachie lini. Wa paki wana tabia ya kukaza ili ski zisichomoke kwenye vyuma. Asiwaige bado.

#36 Mpwa_Oslo
Mjomba, hiyo ya 26.5 upana 100 naomba usiiuze. Lakini gharama ya kutuma?

#37 Belo_Ngamiani
Nimeipima kwa mizani ya muuza nyama: jozi kilo nne na robo. Nauli ya kuituma imenishinda, ni kama kununua buti nyingine. Mama yako anasema mtoto wa jirani anasafiri Machi.

#38 Mwana_Raskazone
Machi msimu uko ukingoni. Na kaka, samahani, kwa yaliyoipata ile ya tatu mimi hiyo nisingeivaa. Hujui ina miaka mingapi. Kijana aende duka la buti akapimwe, avae ndani ya duka dakika ishirini amesimama, anunue iliyotumika msimu mmoja, halafu kiatu cha ndani kipashwe moto kifuate mguu wake. Aanze ikiwa imembana. Povu la ndani hulala kadiri siku zinavyokwenda, buti huwa inaongezeka nafasi yenyewe.

#39 Paki_ya_Maluti
Mimi ningeivaa. Ikunjwe mara hamsini kwanza, ikikaa, imekaa.

#40 Bi_Zahanati
Huyu wa #39 ndiye aliyeshuhudia goti likidatuka, na bado.

#41 Mpwa_Oslo
Nimetoka Tryvann sasa hivi. Nimeomba 26.5 za kukodi, soksi moja, bizimu za juu nimekaza. Kuingiza mguu nilitokwa jasho. Kisigino hakikunyanyuka hata kidogo. Chuma nimepita chote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mara mbili. Ugoko hauumi. Sasa pembeni, kidole kidogo cha kulia, panawaka moto.

#42 Fundi_Kalibu
Upana! Nilisema. Mlete kwangu Makorora.

#43 Mbaharia_Deira
Upana wa buti hiyo ulioandikwa ni ngapi?

#44 Mpwa_Oslo
Sikuangalia 🙈

#45 Bi_Zahanati
Au ile ya kulia ndiyo 26.6, urefu huo.

#46 Mwana_Raskazone
Au soksi ina mshono.

#47 Kimanumanu
Au mbwembwe.

#48 Chumba_Baridi
Habari zenu, mimi msomaji tu kwa kawaida. Nafanya kazi kwenye ghala la samaki wa kugandishwa, ndani ni chini ya nyuzi kumi hasi, tunapeana jaketi moja watu watatu. Belo_Ngamiani, kwenye belo zako hupati jaketi za ski na suruali zake? Na hiyo buti ya 27.5 ambayo kijana hawezi kuitumia, mimi nasimama tu, siruki. Nina mguu wa 43.

#49 Belo_Ngamiani
Pima ukutani kwanza, mgosi, usiniletee habari za 43. Jaketi ninazo mbili, moja ya zambarau. Njoo kesho saa nne.